Kisu cha Mfano Kimevunjika, Baba

Mpendwa Baba,

Kisu kimevunjika. Nianze na hilo, maana nikianza kukuuliza habari za huko uliko nitalia kabla sijafika popote. Ni kile kisu cha mfano, kilichoning'inia miaka yote hii kwenye msumari ukutani mwa karakana ya kijiji, kile nilichokuwa nakilinganisha na kila kisu kilichofuliwa humo, vya kwako vikiwemo. Kimevunjika juzi Jumatano, mkononi mwangu, watu wakiona.

Barua hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nitaibandika mlangoni mwa karakana, palepale nilipokuwa nabandika orodha za visu vilivyokataliwa. Watu walilisoma jina lako pale. Na hii waisome.

Unakikumbuka kile kijiji cha zamani, kabla hatujahamishiwa huku kwenye barabara ya Matai? Kile kibanda chako cha nyasi, upepo unaingia kila upande, wewe unagonga chuma kwenye fuawe, mimi napuliza moto kwa mivukuto. Wazee wenzako walikuja kukusema, eti msichana hakai mahali pa kufulia chuma. Ukawajibu bila hata kunyanyua kichwa, "Huyu si msichana. Huyu ni mama yangu, na mama yangu hafukuzwi." Kwa kuwa nilipewa jina lake, basi, wakaondoka wakicheka. Mimi nikavimba kichwa, na ninaogopa hakijanywea mpaka leo.

Ulikuwa unafua springi za lori kuukuu kuwa visu vidogo vya kukatia ulezi. Havikuwa na sura, Baba, tuseme ukweli. Mgongo umepinda kidogo, alama za nyundo zimejaa kwenye bapa, tupa imegusa makali tu. Nikikuuliza kwa nini huving'arishi, unaniambia, "Ulezi haujitazami kwenye kisu, mama." Halafu unakikandamiza kisu juu ya gogo, unakipinda mpaka natamani kufumba macho, unakiachia. Kikirudi kilivyokuwa, unakitupa upande wa kuuzwa. Kikisita, au kikilia vibaya ukikigonga, unachukua tupa na kukata mikato miwili kwenye mkia wake, ile sehemu inayozama ndani ya mpini. "Hiki hakivuki kizingiti," unasema. Mimi nilidhani vyenye mikato vinarudi motoni. Sikuwahi kuuliza. Mwenye kujua kila kitu anauliza nini?

Sasa ngoja niseme lile ambalo kijiji hakilijui.

Wiki ya kwanza tulipohamia huku, alikuja ofisa kutoka wilayani. Karakana ya ushirika inaanzishwa, akasema, na visu vyote viwe vya namna moja, vyenye ubora mmoja, kwa hiyo anatafuta kisu kizuri cha kuwa mfano. Wewe na Mama mlikuwa mmekwenda Milepa kwenye msiba. Nyumbani nipo mimi, nimemaliza shule juzi, nina hamu ya kuonekana. Nikaingia jikoni kwa Mama. Pale ukutani, katikati ya visu vyake vya mboga, nikaona kimoja kimenyooka kama rula, kinang'aa mpaka nikajiona meno. Nikajiambia, kumbe Baba anaweza! Nikakifuta kwa kanga, nikampa mgeni kwa mikono miwili.

Akakigeuzageuza, akafurahi sana. "Hiki ndicho," akasema. "Na wewe binti unajua kusoma na kupima? Basi utakuwa mkaguzi."

Uliporudi, mkutano ulikuwa umeshaitishwa na kisu kimeshatundikwa. Nakuona ulivyosimama mbele ya ule ukuta, kofia mkononi. Ukaushika mpini. Ukauliza, "Nani alikitoa?" Nikasema, "Mimi, Baba!" kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa. Ukafungua mdomo. Mimi, haraka zangu, nikakukatiza, nikapanda kwenye benchi nikaanza kuwasomea watu masharti: mgongo ulionyooka, bapa linalong'aa, alama ya nyundo isionekane hata moja. Watu wakapiga makofi. Nilipokutafuta kwa macho ulikuwa umeshakaa nyuma, na wewe unapiga makofi.

Kuanzia hapo ukaniita Ndugu Mkaguzi. Nilidhani ni utani tu.

Nilikataa visu vyako, Baba. Kwanza viwili, halafu vitano, mara mgongo umepinda, mara bapa lina alama. Vijana walifuata masharti, wakasugua visu mpaka vikawa vyembamba vinameremeta, vikapita. Vya kwako vilikuwa vilevile. Siku niliyokataa kumi na viwili kwa mpigo, nilikuvuta pembeni nikakufokea, mimi mtoto uliyenizaa mwenyewe! "Baba, unaniaibisha. Watu watasema nakupendelea. Si uvisugue tu kama wenzako?" Ukasema, "Kukisugua ni kukimaliza, Ndugu Mkaguzi." Ukavitia kwenye gunia, ukatoka. Hukurudi tena karakana. Ukawa mtu wa shamba la mahindi, na vile visu nikasikia unawagawia akina mama huku na huku.

Halafu kifua kikakubana, ukatuacha. Nakiri na hili: siku ya mazishi yako mtu mmoja alisema, "Alikuwa fundi zamani, uzeeni mkono ukamharibikia." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Haki ya Mungu, nilikubali.

Basi Jumatano. Tupo kwenye mavuno ya ulezi, shamba la kijiji, na akina mama wakaja karakana mchana kweupe, wamekasirika, na Mama Konsolata jirani yetu mbele yao. Akafungua kitenge chake akamwaga mezani vipande vya visu. Saba vimevunjika ndani ya wiki. Na mkono wake mwenyewe umefungwa kitambaa chenye damu.

"Mkaguzi, hivi ndivyo visu?"

Unanijua nikibanwa. Nikapandisha sauti. Nikasema mnavitumia vibaya, mnavikandamiza, visu hivi vimepimwa kimoja kimoja na mfano. "Ngojeni niwaonyeshe!" Nikakitungua kisu cha mfano, nikakiweka juu ya gogo la mlangoni, nikakipinda kama ulivyokuwa unapinda wewe. Sijui kwa nini nilichagua hivyo. Miaka yote hakuna aliyewahi kukijaribu, tulikuwa tunakitazama tu.

Kikalia ta! Bapa likarukia kule, mpini ukapasuka vipande viwili. Mkononi nikabaki na mkia. Na kwenye mkia, Baba, mikato miwili ya tupa.

Yesu na Maria! Nilikaa chini kwenye vumbi. Mama Konsolata, aliyekuja kunigombeza, ndiye aliyenishika mabega akidhani nimejikata. Nilikuwa naangalia ile mikato na sisikii mtu. Nimewapima watu kwa kisu ulichokikataa. Nimekupima wewe kwa kisu ulichokikataa.

Nikaenda kwa Mama mbio, hata kandambili sina. Alikuwa anapepeta. Nikamwonyesha ule mkia, wala hakushtuka. Akaniambia visu vyote vya jikoni kwake vilikuwa hivyo, vyenye kasoro, kwa sababu ulisema kama kuna atakayekatwa na kazi yako mbaya basi awe wa nyumbani mwako. Na kile kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Baba yako alikisugua siku mbili akitafuta mwisho wa ule ufa," akasema. "Hakuuona. Ndiyo maana kiling'aa."

Baba, kumbe mng'aro wenyewe ndio uliokuwa ubovu! Na mimi nikauandikia masharti.

Nikamuuliza Mama, sasa mbona hakusema? Akaweka ungo chini. "Alikuja kutoka mkutanoni akakaa hapo ulipokaa. Nikamwambia rudi ukaseme. Akasema, nikisema watamcheka mtoto, na kazi watamnyang'anya. Acha, nitasubiri aje kuniuliza mwenyewe."

Sikuja, Baba. Miaka yote ile nyumba ni hatua chache kutoka karakana, na sikuja kukuuliza.

Leo asubuhi nimezunguka kwa akina mama uliowagawia vile kumi na viwili. Vipo vyote, vimeliwa na jiwe la kunolea tu. Mama Konsolata ameniruhusu niuvue mpini wa kisu chake. Mkia ni msafi, hauna mkato hata mmoja. Nikakirudishia mpini, nikamwomba msamaha, akasema nikaombe kwako. Ndiyo hii naomba.

Mwenyekiti anataka nichague mfano mwingine wa kutundika. Nimemwambia ukaguzi nimeuacha. Karibu na ule msumari nimeliweka lile gogo la mlangoni, liwe kama gogo lako, na anayefua kisu akipinde mwenyewe mbele ya atakayekitumia.

Kile kipande cha bapa la mfano nimekichongea mpini mfupi nikakirudisha jikoni kwa Mama, ukutani pake. Hakivuki kizingiti tena. Jana nilikatia mboga, kikanikata kidole. Nikakaa naangalia damu, nikasema sawa, mimi ni wa nyumbani.

Lala salama, mzee wangu. Nimekuja kuuliza, nimechelewa.

Ni mimi binti yako, niliyepewa jina la mama yako, na uliyenisubiri.