Huzaifa Hakai Kwetu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Sijamwambia mtu: namwogopa binamu yangu Huzaifa. Si tangu zamani. Tangu leo mchana.

Nilikuwa nafua nyuma ya tangi la maji. Yeye upande wa pili, anaongea kwa simu, hakuniona. Anasema wiki mbili tu, mzee atamwachia ile kitu, halafu Ofumbi atapiga magoti mbele ya hosteli nzima. Akacheka kidogo. Ofumbi ndiye aliyemzaba makofi chuoni Tororo, wasichana wakiangalia. Hilo tunalijua wote, alitusimulia mwenyewe kama kichekesho.

"Ile kitu" ni bastola ya Baba.

Baba alipewa kibali zamani, alipokuwa anabeba pesa za samaki kwenda Majanji, ziwani. Sasa macho yamechoka, barabara ameacha. Anataka kuiuza. Huzaifa amemwambia atamshikia biashara, ila njia ile bila bastola inamtisha. Baba amefurahi sana. Afadhali ibaki kwa damu yetu, anasema.

Shule ya msingi nilisoma ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Huku kwetu darasani ni Kiingereza tu. Lakini mambo ya woga bado yananijia kwa Kiswahili.

Jumatatu, 8 Septemba

Baba ametoka polisi amenuna. Afande kamwambia bastola haiuzwi mkono kwa mkono kama baiskeli. Mnunuzi apate kibali chake kwanza, na Huzaifa ni Mkenya, yuko huku kwa masomo tu. Baba akajibu kijana anakaa hosteli Tororo, mwaka wa pili huu.

"Mzee Hamuza, hosteli si nyumba. Chuo ikifunga, kijana hii nakwenda wapi?"

Baba akasema: kwangu. Anakaa kwangu.

Basi Alhamisi afande anakuja na mwenyekiti wa kijiji, waone wenyewe.

Nilimuuliza Mama, kwani Huzaifa anakaa kwetu? Si anakuja Jumamosi, anakula, anavuka kwenda kwao? Mama akasema Busia ni Busia, huku na ng'ambo. Nyanya yake si amezikwa hapa? Niache maswali ya korti.

Jumanne, 9 Septemba

Nimehamishwa. Chumba changu sasa ni cha Huzaifa. Nalala na Mama.

Suruali zake zimetundikwa kwenye misumari yangu. Mama ameweka mswaki mpya kwenye kikombe, akaona unang'aa mno, akaenda kuusugulia viatu. Baba anapita na kurudi, anamwambia Mama: "Madina, weka na mkeka wa kuswalia. Hapo. Hapana, ukunjwe, kama umetumika."

Huzaifa akajilaza kitandani kwangu kujaribu. Miguu imening'inia nje, akaniambia: "Jami, hii bed ni ya mtoto. Afande atanicheka." Wote wamecheka. Mimi pia, sijui kwa nini.

Jioni akaniita uani. Nikiulizwa, niseme analala hapa kila siku tangu mwaka jana. Akanishika bega. "We ni mpole. Watu wapole wanaaminika haraka."

Nilitaka kumuuliza habari ya Ofumbi. Nikaangalia viatu vyake.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimejaribu. Baba anakula peke yake, Mama yuko sokoni. Nikasema Baba. Akasema eeh. Nikasema, ile bastola — Akaweka tonge chini, akaniangalia vizuri, bila hasira hata kidogo.

Nikauliza kama chumvi inatosha.

"Inatosha, mwanangu."

Nimeosha vyombo nikilia. Hapa kwenye karatasi maneno hayanikatai. Mdomoni ndipo yanakwama. Ofumbi sijawahi kumwona. Labda ana mama kijijini, huko Kwapa, anayemngoja wikendi. Nimemfikiria huyo mama siku nzima.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama amenituma kwa kina Nerima, jirani, nikae huko hadi wageni waondoke. "Wewe ukiulizwa utatetemeka, utatuharibia." Baba kakubali. Huzaifa pia: kweli, aende tu. Kumbe hata kwa uongo sifai.

Nilifika mlangoni kwa Nerima. Sikubisha. Nikageuka.

Nimeingia kwa mlango wa jikoni, wao wakiwapokea wageni mbele. Niko chumbani. Niko kitandani, nimejifunika hadi kifuani, suruali zake zinaning'inia juu ya kichwa changu. Kusema sitaweza, najijua. Kulala naweza. Wakifungua, wataona ni nani analala hapa.

Baba ataaibika mbele ya mwenyekiti. Hilo linaniuma kuliko yote. Hataniuliza kwa nini, ataniangalia tu. Halafu labda nitapata kumwambia.

Sebuleni soda zinafunguliwa. Mwenyekiti anasema kijana kafanana na mzee hadi masikio. Wanacheka. Afande simsikii.

Sasa namsikia. "Na kijana hii, nalala wapi?"

Baba: twende nikuonyeshe.

Huzaifa anasema ngojeni atangulie, chumba ameacha ovyo. Kiti kinasogezwa haraka. Afande anamwambia akae, hata kwake nyumbani ni ovyo.

Viatu vinakuja kwenye korido, vile vizito mbele. Mwandiko unaharibika. Baba anasema mlango ni huo wa kushoto.

Naficha daftari chini ya mto. Sitoki kitandani.