Dakika Hamsini na Mbili za Bi Mwanatumu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Laptopu haiwaki tena. Amesema Swabir, fundi wa Kona ya Musa, saa nne asubuhi, baada ya kuifungua. Hewa ya chumvi imekula bodi. Diski je? Haitoki – imechomelewa kwenye bodi yenyewe.
"Ile nzito yako ya zamani ningechomoa diski dakika mbili. Hii wameibandika yote. Aliyeitengeneza hakutaka mimi nile!" Akacheka. Sikucheka.
Ndani mna sauti ya Bi Mwanatumu wa Msambweni. Dakika hamsini na mbili. Septemba alinipitisha shambani akitaja minazi mstari kwa mstari, nani alipanda upi. Huku mnazi ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Kampuni iliyonunua ardhi ile inadai na minazi ni yake. Kesi ni tarehe 19. Bi Mwanatumu alifariki Oktoba. Hakuna shahidi mwingine.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepekua daftari. Mistari kumi na mmoja ya minazi, majina manne tu ya waliopanda. Niliitegemea sauti.
Nakala? Hakuna. Kinasa sauti ni cha ofisi, tunapokezana watu watatu. Kila Ijumaa kinafutwa ndipo kikabidhiwe. Baada ya kuhamishia sauti kwenye laptopu, nilikifuta mwenyewe. Miaka kumi na tisa kazini!

Jumatano, 5 Novemba
Eunice, mhariri wangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Ofisi itanunua laptopu nyingine, nichague kufikia Ijumaa. Yeye hataki ile ya kufunguka, ambayo fundi anaweza kubadilisha vipuri vyake: bei karibu mara mbili, na kioo kikivunjika nitangoja kipuri kutoka ng'ambo mwezi mzima. "Na deadline itakungoja?"
Ana haki. Nyembamba, kama hii iliyokufa, ina kilo moja, betri ya siku nzima, inafaa kwa bodaboda za vijijini Mkongani. Lakini ile nzito ilinitumikia miaka minane. Betri mbili, diski moja, kibodi – zote alibadilisha Swabir. Niliiuza kwa sababu ya mgongo. Nilipopima uzito mwaka jana, sikupima sauti ya mtu kama Bi Mwanatumu.

Alhamisi, 6 Novemba
Hanifa, binti wa marehemu, amekuja. Nimemwambia mashine imekufa.
"Kaka, si ulisikia mwenyewe? Simama ukaseme."
Nimemjibu: nitasema majina manne. La tano nikilikisia, ni uongo mbele ya hakimu.  Akasema wao hawakumrekodi mama hata neno. Kila mtu nyumbani alisema, iko kwa yule mwandishi.

Ijumaa, 7 Novemba
Swabir ametoa njia mbili. Kuipeleka Nairobi kwa wataalamu: wiki tatu, kesi itakuwa imepita. Au aunge mwenyewe nyaya zilizoliwa, kwa moto. Bodi ikiungua, diski nayo imekwenda. "Sikudanganyi, ndugu yangu. Nusu kwa nusu."
Nimemjibu Eunice: ile ya kufunguka. Hilo lilikuwa jepesi.
Hanifa amekubali kwa simu. "Fanyeni, inshallah. Lakini niwepo." Ameilaani mashine. Kuhusu kinasa sauti nilichokifuta hajui lolote.
Swabir ataanza Jumatatu tarehe 10, saa tatu. Nimemwomba Hanifa afike saa mbili na nusu. Nusu saa inatosha kumwambia.