Boya la Kwanza na la Pili

Jumamosi usiku, Kasanga

Mdomo bado unavuja damu, na foronya ya shangazi nimeshaiharibu.

Leo walikuwa wanachagua wasichana na akina mama wa timu ya kulipwa ya mbio za ubao, zile za kusimama juu ya ubao majini na kupiga kasia. Zamani watu walitucheka. Leo ufukwe ulijaa.

Kwenye boya la kwanza nilimpisha mshindani mwenzangu, Mama Gaude, kwa sababu ni mkubwa wangu, na kwetu kijijini Mollo mkubwa hupishwa njia. Akanipiga kasia ya mdomo.

"Rudi ukapalilie mahindi!"

Nilitema jino ziwani.

Kwenye boya la pili sikupisha. Niliugonga ubao wake, akaanguka. Alipong'ang'ania wangu, nikamponda vidole kwa kasia mpaka akaachia.

"Sasa umekuwa mchezaji, binti," kocha akasema. "Jumatatu kambini."

Nilifurahi, halafu nikaona aibu. Nilimfuata Mama Gaude pale mchangani alipokuwa akifungwa vidole, nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kucheka. "Na mimi wamenichukua. Nimeomba kambini tulale chumba kimoja."