Jumatano kwa Mama Zaituni

Jumatatu, 3 Februari
Sala. Uji wa watoto. Nguo za wagonjwa nimefua, mvua imezirudisha ndani. Mama Mkuu amepanga ziara za wiki. Shirika letu ni dogo, kanuni zetu tumejitungia wenyewe, na hii niliitetea mimi: mgonjwa akimtaja sista, huyo ndiye aendaye. Hakuna kujipeleka.

Mama Zaituni wa kijiji cha Gatete amemtaja Sista Evelina.

Kila Jumatano mimi ndiye humwogesha. Tulikuwa majirani katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulirudi nyumbani kwa lori moja. Evelina amekuja juzi tu. Hucheka hata kanisani.

Jumanne, 4 Februari
Evelina ameniuliza Mama Zaituni hupenda maji gani. Nimejibu: ya moto sana. Uongo. Hupenda ya vuguvugu, yenye mchaichai.

Nina wivu. Naandika neno lenyewe.

Jumatano, 5 Februari
Nimevunja kanuni. Evelina akiwa bado anafagia kanisa, nilichukua beseni langu nikaenda Gatete. Wanawake walikuwa wakianika ndagala, vidagaa vya ziwani, mchangani. "Amahoro, Masera!" wakanisalimia; ndivyo masista tunavyoitwa huku. Sikusimama.

Nilipiga hodi; Mama Zaituni alisikia sauti yangu akatia komeo. "Rudi, Masera. Leo si weye."

Nilibisha tena. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Masera anafukuzwa kama mutoza kodi!" Wakacheka wote.

Njiani nilikutana na Evelina. Aliniamkia kwa adabu, akaliona beseni, hakuuliza neno. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemweleza Mama Mkuu. Adhabu: kumenya mihogo ya jikoni. Ni haki. Evelina alikuja kunisaidia, nikamfukuza. Kabla ya kutoka alinipa ujumbe: Mama Zaituni ananiita Jumapili. Bila beseni.

Jumapili, 9 Februari
Nilimkuta mkekani, amevaa kitenge kipya, amepaka wanja. Chai tayari. Sikujua niweke wapi mikono.

Alisema bila kunitazama. Siku hizi haja humtoka bila yeye kujua.

"Tangu kambini weye iko rafiki yangu. Rafiki anione nimejichafua? Ule mutoto anioshe, simujui, hanijui. Weye uje nimevaa."

Nilikunywa chai. Nilitaka kumwambia kwamba sijali. Yeye anajali.

Wivu haujaisha. Mgongo ule naujua kuliko wangu.

Jumatano, 12 Februari
Asubuhi nilimwambia Evelina ukweli: vuguvugu, na mchaichai. Akajibu kwamba anajua, Mama Zaituni alimwambia siku ya kwanza. Hakunilaumu.

Tulikwenda pamoja. Yeye aliingia, mimi nikakaa nje juu ya kigoda. Nilisikia maji yakimwagwa. Nilisikia Mama Zaituni akicheka. Kicheko kile kikanichoma.

Kisha mlango ukafunguliwa. Evelina akatoka na beseni, akasema, "Ameshavaa," akapita.

Nilisimama, nikakung'uta sketi, nikapiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi.