Moyo Wangu Ni Mzima, Mama

Tukuyu,
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiuno kimepungua kuuma tangu upumzike kuchuma chai. Bibi mshukuru, mwambie ndaga fijo kwa maparachichi, yaliisha bwenini siku moja. Huku mvua haijakatika wiki nzima; sare tunavaa mbichi, lakini tunasoma.

Mama, usishtuke. Jumanne, katikati ya mtihani wa fizikia, moyo ulinienda mbio tena, mikono ikafa ganzi, nikakosa pumzi. Nilidhani nakufa. Mwalimu Aika, anayetufundisha baiolojia, alinipeleka hospitali mwenyewe. Walipima damu, sukari na moyo, wakasema moyo wangu hauna tatizo lolote.

Kisha nikapelekwa kwa muuguzi wa afya ya akili, Bwana Prosper. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama naanza kurukwa na akili. Alicheka, akasema hajawahi kupata mgonjwa aliyekuja na daftari lenye maswali kumi na moja. Akanichorea ubongo humo humo daftarini. Alieleza kwamba ndani kuna sehemu ndogo, mfano wa punje ya harage, ambayo hutuonya tukiwa hatarini. Yangu imezoea kupiga kelele hata mbele ya karatasi ya mtihani, na mwili unaiamini. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inaweza kuituliza, ila kwa mazoezi: kutoa pumzi polepole, na kuzungumza naye kila Alhamisi kwa wiki nane.

Sijui nikuelezeje nilivyopumua niliposikia kwamba hali hii ina jina na inatibika. Nimelala vizuri siku nne mfululizo. Neema, jirani yangu wa kitanda, kila asubuhi ananiuliza kama harage limeshaiva.

Sasa lililo gumu. Najua unajiuliza imerudije, wakati mwezi wa nne nilishuhudia kanisani kwamba tangu niombewe haijanipata tena. Mama, nilidanganya. Ilinipata jioni ile ile niliyoombewa, nikajificha migombani mpaka ikapita. Jumapili iliyofuata ulinitazama kwa matumaini, nikasimama. Ulipolia kwa furaha, na Mama Anyelwisye, aliyekuwa akisema nyumba yetu ina mkosi, akakukumbatia mbele ya watu, nilishindwa kurudi nyuma. Nisamehe.

Bwana Prosper anasema nisiache kusali. Ila anahitaji mzazi aje Alhamisi aridhie matibabu. Ukitaka, likizoni nitasimama tena kanisani niseme ukweli. Ukiona aibu, tutangoja. Lakini Alhamisi njoo, mama. Nitakuwa kwenye geti la shule kuanzia saa mbili asubuhi.

Mpe mdogo wangu Lazaro salamu zangu, na asiguse vitabu vyangu.

Ni mimi mwanao,
Tupokigwe