Niliwazoesha Watoto Baridi, Sasa Mmoja Hataki Safari

Shangazi Teodora, shikamoo. Naomba uniokoe kabla sijaharibu zaidi, maana nilijiona nina akili nyingi kumbe wapi, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Nyamagana, Precious ana miaka tisa na Luhaga mitano, na mume wangu Josephat huu ni mwezi wa kumi na nne yuko Norwe anasomea ufugaji wa samaki, na hata hapa naandika huku nacheka kwa furaha, viza zetu zimetoka zote tatu, baada ya wiki tatu tunaondoka kwenda kukaa naye miezi saba.

Sasa nikajiambia, watoto waliozaliwa kwenye joto hili nitawapelekaje kwenye theluji bila mazoezi? Nikaenda soko la Mlango Mmoja nikachambua mitumba mpaka nikapata makoti mazito, nikawavalisha mchana kweupe, majirani wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikaona bado haitoshi, nikamwomba kaka yangu Chenge, anayetunza chumba cha barafu pale mwaloni, kwenye soko la samaki, wanakohifadhi sangara, atuingize dakika tano tu wanangu waonje baridi yenyewe. Tukaingia na makoti yetu, Precious akawa anarukaruka anapuliza moshi mdomoni, Chenge kwa utani wake akaurudishia mlango, akapaza sauti, "Haya, karibuni Norwe!" na Luhaga akawatazama wale sangara waliolala kwenye barafu macho wazi, akaniuliza polepole, "Mama, baba anakaa humu?" na mimi nikiwa kwenye furaha zangu nikamjibu ndiyo, kwa baba ni hivi hivi.

Tangu siku hiyo mtoto amegoma. Koti kalificha nyuma ya ndoo ya unga, ukitaja ndege analia, na baba yake akipiga simu anakimbilia chooni anajifungia. Mama mkwe wangu wa Usagara anasema, "Mniletee mjukuu wangu anywe maziwa, ninyi nendeni mkagande wenyewe," nami naanza kuona pengine ndiyo afadhali, ila Josephat kila siku anauliza Luhaga amefikia kimo gani. Nimwache, au nimbebe kwa nguvu?

Modesta, Nyamagana

*

Marahaba, Modesta. Nilianza kwa kucheka mpaka chai ikanimwagikia, nikamaliza nimekasirika. Hongera kwa viza, tena hongera sana, familia inakwenda kukaa pamoja na hilo ni jambo la kupigia vigelegele. Ila huyo Chenge mfikishie salamu zangu: chumba cha kazi si mahali pa kuchezea watoto, na mlango wa barafu haufanyiwi utani.

Sasa tuje kwako. Hebu soma tena ulichoniandikia. Mtoto hakukuuliza kama huko kuna baridi, alikuuliza kama baba yake anakaa humo. Nawe, mama mzima, ukamwambia ndiyo! Kwa akili ya miaka mitano, umemwambia baba yake amefungiwa kwenye barafu na samaki waliokufa. Halafu unashangaa anaikimbia simu? Luhaga hamkatai baba yake, Modesta. Anamwonea uchungu, na hajui atamtoaje humo.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujapika, chuchumaa mbele yake umwombe radhi. Mwambie mama alikosea, baba ana nyumba, na ndani ya nyumba mna joto. Josephat akipiga simu asianze kumbembeleza wala kumuuliza "unanipenda?" Aizungushe simu aonyeshe jiko, aonyeshe kitanda atakacholala Luhaga, kisha aufungue mlango, atoke nje, arudi ndani. Afanye hivyo kila siku. Mtoto akikimbilia chooni, mwacheni, na huko anasikia. Precious naye mpe kazi ya kumsimulia mdogo wake, maana katika nyumba yenu ndiye pekee aliyefurahia ile barafu kwa akili timamu.

Makoti yaweke kwenye begi na usiyataje tena mpaka siku ya safari. Mpeleke Luhaga Usagara akamuage bibi yake, alale siku mbili, anywe hayo maziwa ashibe, halafu urudi naye. Mama mkwe mweleze kwa adabu, usibishane naye, mjukuu atarudi. Lakini tiketi ya mtoto usiiguse. Ameshamkosa baba miezi kumi na minne, ukimkosesha na mama miezi saba mingine utakuwa umemwadhibu kwa kosa lako mwenyewe.

Mkifika, Josephat atakuwa amesimama pale anapunga mikono yote miwili, na wewe ninavyokujua sasa utataka kumsukuma Luhaga mbele huku simu umeshaitoa upige picha. Usithubutu. Mwache amwangalie baba yake kwa muda anaoutaka yeye, amwone anatembea, anacheka, hajafungiwa popote. Kisha mwachie mkono.