Kwetu Kila Mwanamke ni Tantine

Nyakabiga, Bujumbura
18 Juni 1995

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Sijaona,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumbani hapo Uvira. Goti linaendeleaje? Yale majani ya kukanda aliyokupa Mama Mawazo yamesaidia, au bado unashuka ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Sisi mwili ni mzima. Mume wangu Jérémie anakwenda kazini depo, kule Zone Industrielle, siku ambazo njia inapitika. Watoto, Gaëlle na Bonfils, wanakula vizuri. Umeniuliza habari za mkwe wako Prudence, kwa nini tangu tusafiri naye hajamwandikia mumewe, mwanao Bahizire, hata mstari mmoja. Nitakujibu, Yaya. Niache kwanza niseme mengine, maana nikianza na hilo sitafika mwisho.

Unanijua, mimi ni mwalimu hata nikiwa nimelala. Hii ilikuwa safari ya kwanza ya watoto nje ya Zaire, nikaapa isiwe ya kutafuna karanga tu. Mpakani nilimpa Gaëlle karatasi zetu azisome mwenyewe mbele ya askari. Kwa miaka yake minane hakukosea neno. Kwenye daraja la Rusizi niliwaonyesha viboko, nikawauliza hao ni wa Zaire au wa Burundi. Bonfils akasema ni wa kote kote, kwa sababu hawana karatasi. Gari zima lilicheka. Prudence alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akawafundisha watoto kuitika salamu za Kirundi, akisema baba yake mgonjwa huko Carama atapona akiwasikia.

Sasa sikia walichojifunza baada ya hapo. Mji huu unanitia kinyaa, Yaya. Wiki iliyopita moshi ulikuwa unapanda upande wa kaskazini, nyumba za watu zinaungua, na hapa mtaani watu wamekaa vitini wanakula brosheti, wanalalamika nyama ni ngumu. Mama mmoja tunayepanga naye, mwimbaji wa kwaya, aliniambia huku akichambua mchele kwamba vijana wa mtaa wanafanya kazi nzuri ya kusafisha. Kusafisha! Na Jumapili alipokea ekaristi kwa ulimi ule ule. Jérémie aliniambia nifunge mdomo, kwamba mgeni hana neno. Naye ananichefua, ingawa si yeye anayenichefua zaidi.

Juzi nilitoka uani nikakuta watoto wanacheza. Wamefunga kamba ya kuanikia nguo kati ya nguzo mbili, wanaiita bariyeri. Anayepita anasimamishwa, anapimwa pua kwa kijiti, anaulizwa yeye ni wa nani. Bonfils, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ameshika kijiti. Nilimwaga maji niliyobeba, nikamnasa Gaëlle kofi, nikawatukana majirani wote kwa sauti, nikitaka kujua ni mtoto gani mchafu aliyewafundisha wanangu uchafu huo. Watu walitoka milangoni. Ndipo Chanelle, binti wa yule mwimbaji, akanieleza kwa adabu kwamba mchezo wameletewa na Gaëlle. Akaongeza kwamba Gaëlle hakubali mwingine achukue nafasi ya mama. Nikauliza mama gani. Akasema, yule mama mwenye kusema, "Mi simujui."

Nilikaa chini kwenye matope.

Yaya, ule ujumbe niliokutumia kwa dereva, kwamba tuliachana na Prudence salama sokoni, ni uongo. Tulipopita Gatumba, kabla hatujaingia mjini, vijana walitusimamisha. Walikuwa na marungu, na mmoja alikuwa na gruneti mkononi. Karatasi zangu walizirudisha upesi. Ya Prudence, mzaliwa wa huku, waliigeuza-geuza, wakibishana yeye ni wa kabila gani. Akawaambia yeye ameolewa Uvira, na sisi ni watu wake. Mkubwa wao akasema atakayemficha adui atashuka naye, yeye na watoto wake. Lakini hakuniuliza mimi. Alisema watu wazima ni waongo, akamwinamia Gaëlle, akamuuliza huyu ni nani wenu. Mtoto akajibu bila kutetemeka: "Ni tantine Prudence, muke wa yaya Bahizire."

Kijana alimwamini. Nakuapia, Yaya, mkono wake ulikuwa umeshanyooka kumrudishia Prudence karatasi yake. Lakini mimi masikio yangu yalikuwa bado yamebaki kwenye "yeye na watoto wake". Nikadakia: "Apana, mi simujui. Huyu mutoto ni mujinga, kwetu kila mwanamuke ni tantine." Na ni kweli, kwetu mtoto humwita kila mwanamke tantine, yaani shangazi, ndiyo maana waliniamini. Prudence alimwekea Bonfils kofia yake sawa kichwani, akashuka.

Jérémie amekwenda Carama mara mbili. Prudence hajafika huko. Mzee baba yake bado yuko kitandani, anauliza kama mpaka umefungwa. Hospitalini pia Prudence hayupo. Siwezi kukuambia amekufa, wala siwezi kukuambia yu hai.

Leo asubuhi Gaëlle aliniuliza, akikutana na yaya Bahizire, aseme tantine alikuwa nani wetu. Nilimwambia aseme alichosema mara ya kwanza, nikaongeza kwamba yeye alijibu sawa, na mama ndiye aliyekosa. Akauliza kwa nini basi nilimpiga yeye.

Alhamisi, njia ikipitika, nitavuka nije kumwambia Bahizire kwa kinywa changu. Usinipikie. Nisalimie Mama Mawazo, nisalimie wanakwaya na majirani wote mmoja mmoja. Bahizire usimpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Dorothée